Taa Aliyoichagua Wifi

4 Februari

Kwa wifi yangu,

Hujambo wewe, na watoto hawajambo? Mimi ni mzima isipokuwa shingo, na shingo ya mshonaji haihesabiwi ugonjwa. Msimu wa sare za shule umekwisha. Sasa naachia mishono ya suruali za wanaume walionenepa wakati wa likizo na hawataki wake zao wajue. Msalimie Mama. Mwambie ile blauzi yake ya maua nimeimaliza, analetewa pamoja na barua hii.

Usishangae kuandikiwa barua zama hizi. Kwenye simu hatuna siri. Mama hasikii vizuri, kwa hiyo simu yenu inawekwa sauti ya juu na nyumba nzima inajua ninachosema. Afadhali nimpe ndugu yangu Kimya, akipita na lori lake aichukue, na jibu alilete. Wewe ndiye uliyeolewa naye, lakini jina la Kimya tulimpa sisi tangu utotoni, na faida yake ni kwamba hata akiisoma hatasema.

Baada ya salamu, nije kwenye jambo lililonikalisha. Mama alipohamia kwenu, aliichukua okidi yake, ile ya maua ya zambarau yenye mdomo wa njano, akaikata katikati ya mizizi kwa kisu. Nusu akaondoka nayo, nusu akaniachia. Akasema yangu ikichanua atakuja kuiona kwa macho yake. Unamjua Mama. Nimemwomba aje mara nyingi, akasema miguu. Niliumwa, akasema miguu, akanitumia salamu. Lakini kwa ua ameahidi, na Mama akiahidi anatimiza.

Ni miaka miwili sasa. Nusu ya kwenu imeshachanua mara mbili. Picha nimezipata, asante, hata zile ambazo sikuona tofauti yazo na zilizotangulia. Yangu inatoa majani tu, marefu, malegevu, ya kijani kilichokolea mno.

Wewe unauza taa. Chumba changu cha kushonea unakijua, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, jua naliona kwake. Nichagulie taa ya kuikuza hii okidi humu ndani, na uniambie niiweke vipi. Sina mwingine wa kumuuliza.

Jambo jingine dogo. Kimya ameniambia siku hizi Mama akikutafuta humo ndani anaita "mwanangu". Nikadhani anaita watoto. Akasema hapana. Nimefurahi sana, mpaka nikajichoma sindano.

Ni mimi wifi yako.


27 Februari

Wifi yangu, shikamoo.

Barua yako mume wangu ameileta ndani ya soksi safi, sijui kwa nini soksi. Tumshukuru Mungu sote ni wazima. Mtoto wa mwisho ameng'oka meno ya mbele na anakataa kucheka mbele ya wageni. Mama hajambo. Blauzi imemkaa. Ameivaa siku mbili mfululizo na kila anayeingia anaambiwa, "Hii kanishonea binti yangu." Aliyeleta maziwa kaambiwa. Msoma mita kaambiwa. Hata mimi nimeambiwa, na nilikuwa nimesimama hapohapo wakati anaifungua. Kuhusu kuitwa mwanangu, usijichome sindano. Paka naye anaitwa hivyo.

Sasa tuje kwenye taa. Majani marefu, malegevu na ya kijani kilichokolea ni njaa ya mwanga, hakuna ugonjwa hapo. Dukani kwetu tunazo za aina nyingi, nami nimezipitia moja moja kwa ajili yako. Zile za mwanga wa zambarau wateja wanazipenda kwa sababu zinaonekana za kitaalamu, lakini wewe unafanya kazi chumba hicho hicho, zitakufanya ukate kitambaa chekundu ukidhani ni bluu. Ile ya kuning'inia yenye kofia ndogo inamulika jani moja na kuyaacha mengine gizani. Nimekuchagulia fremu ndefu ya tyubu mbili, mwanga mweupe wa mchana, inayomwaga mwanga sawasawa toka mwanzo wa meza hadi mwisho. Haipendezi. Inafanana na taa ya ofisi ya kulipia maji. Lakini ndiyo inayokufaa.

Itundike kwa minyororo ili uweze kuipandisha na kuishusha. Weka kiganja pale lilipo jani la juu kabisa, ukihisi joto, pandisha. Nyuma na ubavuni simamisha kitu cha kurudisha mwanga, maana mwingi unapotelea ukutani, na ukuta wako ninavyoukumbuka ni wa kahawia, unaumeza wote. Iwashe alfajiri ukiamka, izime ukienda kulala. Chakula cha okidi ni mwanga, usiinyime.

Fremu inakuja kwenye lori. Mume wangu ameiviringisha blanketi na kuifunga mkanda kwenye kiti cha abiria, mimi hajawahi kunifunga.

Mama sijamwambia. Nimeona tusimpe tumaini mapema.

Wako, wifi.


2 Aprili

Wifi, marahaba.

Hamjambo wote? Mpe pole huyo wa mapengo. Hapa ni kazi tu. Mteja wangu wa harusi ameghairi bwana, lakini gauni anasema niendelee nalo vilevile, atapata mwingine wa kipimo hichohicho.

Taa imefika salama. Kimya aliiweka mezani, akanywa chai, akaondoka. Neno lake lilikuwa moja, "Nzito." Nimeitundika kwa minyororo na ni kweli, chumba kimekuwa kama mahali pa kulipia maji, watu wakiingia wanatafuta foleni.

Ila nimeharibu, na nakuambia mwenyewe kwa sababu Kimya ameona, na siku moja anaweza kusema. Uliposema kitu cha kurudisha mwanga, mimi nikafikiri hakuna kinachorudisha kitu kushinda kioo. Na ninacho kile kikubwa cha mikunjo mitatu ambacho wateja wanajitazamia. Nikakizungushia okidi pande tatu. Halafu nikaishusha taa, wifi, nikaishusha mpaka karibu iguse majani, kwa sababu nilikuwa naitazama picha ya okidi ya kwenu niliyoibandika ukutani na nilitaka yangu iipite. Habari ya kiganja sikuikumbuka. Sasa jani la juu lina doa kavu la rangi ya chai, na la pili linafuata. Wateja nao wanajitazama kwenye kioo cha mkononi. Bibi mmoja ameona nusu ya nyonga yake akadai nimempunja kitambaa.

Kimya amesema wewe ndiye unayemsuka Mama siku hizi. Nilimuuliza tena, akatikisa kichwa kuwa ndiyo. Kumsuka Mama ni kazi yangu tangu mikono yangu ilipojua kugawa nywele. Nyuma ya sikio la kulia ana kovu, usimvute hapo. Sikufundishi, nakueleza tu. Lakini siku ile niliposikia sikushona tena, nilikaa nikaiangalia mikono yangu na nikakuchukia kidogo. Imepita.

Niambie na hili. Okidi ya kwenu inapata mwanga muda gani kwa siku? Yangu nawasha alfajiri na kuzima nikilala, kama ulivyoagiza. Nataka kulinganisha.

Ni mimi.


19 Mei

Wifi yangu, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa, dukani tulikuwa tunahesabu bidhaa na mume wangu alikuwa safari za upande mwingine. Sisi wazima. Meno ya mtoto yameanza kuota, moja limepinda.

Barua yako nimeicheka halafu nimeihurumia okidi. Kioo hakisambazi mwanga. Kinaupokea na kuurusha wote mahali pamoja, jani moja linaungua huku jirani yake anasinzia. Karatasi ya alumini nayo usiiguse, ikijikunja inafanya vilevile. Tafuta mbao nyepesi, zipake rangi nyeupe isiyong'aa, ile ya dari, uzisimamishe pande tatu. Isiyong'aa, wifi, nakusisitiza, maana ndiyo inayotawanya mwanga taratibu kila upande. Kioo warudishie wateja kabla hujashitakiwa kwa ajili ya nyonga.

Halafu soma majani. Yakikolea kijani, shusha taa kidogo. Yakiwa kijani chepesi chenye unjano kwa mbali, hapo hapo, usiguse kitu. Yakianza wekundu pembeni umefika mpakani, pandisha. Jani lililoungua liache, bado linaulisha mmea hata likiwa na doa.

Kovu la nyuma ya sikio nalijua. Namsuka kila Jumapili na hajalalamika.

Sasa sikia. Mume wangu, mtu ambaye kuja kunichumbia alimtuma shangazi yenu aseme kila kitu, safari hii ameropoka. Tuko mezani, akasema, "Dada ana taa mpya ya okidi." Basi. Mama akaweka kijiko chini. Siku ileile akatoa begi lake dogo kabatini, akatia nguo na sabuni, akaliweka mlangoni mwa chumba chake. Liko pale mpaka leo. Nikifagia nalizunguka. Nikimuuliza linafanya nini pale, anasema linasubiri. Nimejaribu kulirudisha kabatini, nikakuta limetoka tena.

Wasalaam.


11 Julai

Wifi yangu mtaalamu,

Hujambo, na wote hapo hawajambo? Mimi nimepona shingo, nimeanza goti. Yule wa harusi amepata bwana mwingine, mfupi, nimepunguza urefu wa visigino na siyo gauni.

Mbao nimezipaka mwenyewe, rangi ya dari, pande tatu, na kila ulichoniambia kimekuwa kweli. Sikudhani ningekusifu kwa maandishi, lakini naandika. Majani yamesimama, yana unjano ule wa mbali. Vishina vipya vimenenepa, na juu ya kila kimoja umetoka ule mfuko mdogo wa kijani, bapa, ambamo Mama husema maua huzaliwa. Nilipouona wa kwanza nilifunga duka mapema. Nikampigia Mama, uliisikia simu, nilijifanya nauliza habari ya hali ya hewa.

Lakini mifuko ni mitupu. Naiinua mbele ya taa, naona kijani tu. Wa kwanza umeshaanza kukauka bila kuzaa kitu. Naongea nayo, naibembeleza, nimeisema vibaya pia, haisikii.

Na wewe uliniruka swali. Niliuliza okidi ya kwenu inapata mwanga muda gani kwa siku, ukanijibu habari ya jino lililopinda. Nijibu safari hii. Mama yuko tayari, mimi niko tayari, begi liko mlangoni, kinachokosekana ni ua.

Ni mimi.


9 Agosti

Wifi,

Salamu utazipata mwisho, zikibaki.

Kimya amepita jana bila barua yako. Nikamuuliza, akasema, "Hajaandika." Akakaa na chai yake. Jua lilikuwa limeshazama na taa inawaka juu ya okidi. Akaitazama taa, akatazama dirishani, akaitazama taa tena. Akasema, "Hii haizimwi?" Nikamwambia mkeo kasema mpaka nikilala. Akakiweka kikombe chini. Halafu akasema, na haya ni mengi kuliko yote aliyosema mwaka huu, "Kwetu jua likizama hakuna kuwasha taa sebuleni ilipo okidi. Mama anakataza. Anasema bila giza refu haichanui. Sote tunakula jikoni kwa ajili yake."

Mnakula jikoni. Umekula jikoni miaka miwili kwa ajili ya giza la okidi, halafu mimi ukaniandikia nisiinyime mwanga. Ukanifundisha rangi ya jani, ukanifundisha kiganja, ukanifundisha rangi ya dari, yote kweli tupu, ili nikiamini hayo niamini na lile. Au nakusingizia? Nataka jibu la swali moja. Ulijua? Usiniletee habari ya meno ya mtoto.

Nimeishonea okidi gauni jeusi la kitambaa kizito, nikatia bitana mbili. Jua likizama naivalisha mpaka asubuhi. Hakuna mshono hata mmoja unaopitisha mwanga.

Salamu zimebaki chache. Mpe Mama.


30 Agosti

Wifi yangu, shikamoo.

Sisi ni wazima, na habari za mtoto sikuandikii.

Gauni jeusi ni wazo zuri, endelea nalo. Asubuhi ulivue, jioni ulivishe, usiruke hata siku moja. Habari ya giza fuata kama mume wangu alivyosema.

Umeniuliza swali moja, na mimi nakujibu ambalo hukuuliza. Ninakuonea wivu. Nimemwogesha Mama nyonga ilipomlaza. Najua dawa ipi ni ya kabla ya chakula na ipi ni ya baada. Nimejifunza kupika supu yake, naweka mezani, anakula, halafu anasema, "Binti yangu huweka ndimu." Nikaweka ndimu. Akasema, "Yeye huiweka mwishoni." Blauzi uliyomshonea anaifua kwa mikono yake mwenyewe, nilizomnunulia mimi zinakwenda na nguo nyingine. Wewe hujakanyaga hapa tangu mwaka juzi na bado ni wewe. Huhitaji kufanya kitu chochote. Ulishazaliwa.

Na kwako kuna kitanda chake cha zamani, na jirani yake wa miaka yote, na lile dirisha bovu analolisema kila mvua ikinyesha kana kwamba ni mtoto wake wa tatu. Akiingia mlango ule hatatoka. Watoto wangu wataniuliza bibi yuko wapi, nami nitawaambia nini, ameenda kutazama ua?

Kama unataka kunitukana, nitukane kwa barua. Usipige simu, sauti iko juu.


22 Novemba

Wifi,

Hujambo? Watoto hawajambo? Ona, nimeuliza.

Barua yako nimekaa nayo kimya na Kimya mwenyewe amenishangaa, amepita mara mbili nikampa chai bila bahasha. Pale penye ndimu nimeparudia mara nyingi, nikafurahi kila mara, na najua si vizuri. Swali langu hukulijibu na sitaliuliza tena.

Okidi imesikia giza. Ile mifuko ya kijani niliivua gauni asubuhi moja, nikaiinua mbele ya taa, nikaona vivuli ndani yake. Ni vitumba. Nimekaa kwenye kiti cha wateja nikalia, na mteja mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa. Sasa vimeshachomoza, vimeanza kuchukua rangi, na mwanzoni mwa Desemba vitafunguka. Kimya ana safari ya huku siku hizo. Mwambie Mama apande. Usipomwambia wewe, nitapiga simu mimi, na sauti najua iko juu.

Huo wivu wako nimeuona. Wangu ni mkubwa zaidi, kwa hiyo usijisifu.


5 Desemba

Wifi, shikamoo.

Nimemwambia. Barua hii anakuletea mwenyewe ndani ya begi, chini ya sabuni, na nimemwomba asiifungue ingawa miwani anayo. Hapa ninapoandika amekaa kwenye kiti cha mlangoni tangu asubuhi, amevaa blauzi yako, na mume wangu bado anakagua matairi. Anayakagua taratibu kweli, sijui kama ni kwa ajili ya matairi.

Dawa nyeupe ni kabla ya chakula, ya njano baada. Bafuni usimwache peke yake, atakuambia anaweza. Mto wake ni ule mwembamba, nimeutia kwenye mfuko wa pili. Akinyamaza baada ya kula hajakasirika, anasikiliza tumbo. Chai asitiliwe sukari hata akikutazama namna ile anavyotazama. Huenda haya yote unayajua. Nimeyaandika kwa sababu mikono yangu haina kazi nyingine leo.

Nakuomba unijibu kitu kimoja, na ukitaka kuniruka kama nilivyokuruka, nitakuwa nimestahili. Atarudi lini? Niandikie tarehe. Kama hakuna tarehe, niandikie hivyo pia, nisiwe natandika kitanda kisicholaliwa.

Wifi yako.


18 Desemba

Wifi,

Hujambo, na watoto hawajambo? Mama alifika salama. Kimya alimshusha kwenye lori kwa mikono miwili, akanywa chai, akaondoka. Jirani alikuja, wakalia kidogo, wakala, wakasema watu. Kitanda chake cha zamani amekilalia akasema kimekuwa kigumu.

Okidi ilikuwa inamsubiri, imefunguka yote. Nilimweka kwenye kiti cha wateja asubuhi ile ya kwanza nikaivua gauni mbele yake. Maua makubwa, zambarau, mdomo wa njano, harufu imejaa chumbani mpaka yule bibi wa nyonga ameacha kudai. Mama akatazama. Akasema, "Nzuri." Halafu akainua kichwa. Akaitazama taa, na minyororo, na mbao nyeupe, akaviangalia muda mrefu kuliko alivyoangalia maua. Akasema, "Mwanangu anajua kuchagua taa."

Sikuuliza mwanangu ni nani.

Wivu ulinipanda, nikakusema. Sikubakiza kitu. Nikamwambia habari ya alfajiri mpaka kulala, na jikoni mnakokula, na barua zako ulizoniruka, nikitaka lile neno "mwanangu" alitoe kwako anirudishie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Najua. Aliniambia mwenyewe, siku ulipomwandikia kwa ukali. Alikaa kitandani kwangu akalia, mpaka nikamtengenezea chai mimi." Kumbe mmeshalizungumza nyie wawili, mkalimaliza, nami huku nauvisha mmea gauni na kuuvua. Nikamuuliza, na hukukasirika? Akasema, "Nilikasirika sana. Baadaye nikafikiri, katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hila ili nisiondoke."

Akanitoa kipande cha uzi begani. Akasema, bila ubaya, Mama hana ubaya, "Wewe siku ile nahama ulinisaidia kufunga mizigo. Uliifunga vizuri, hakikuvunjika hata kikombe."

Nilidhani ndiyo heshima, wifi. Alisema anahama, nikatafuta kamba.

Tangu siku hiyo nimemwomba abaki. Nimeahidi godoro jipya. Nimetia ndimu mwishoni. Anasema watoto wamezoea awasimulie kabla hawajalala, na kwamba wewe ukiachwa peke yako unasahau kula. Kila asubuhi ananiuliza kama umepiga simu.

Jana nilikificha kiatu chake kimoja nyuma ya cherehani. Mtu mzima mimi, na mvi zangu. Alikitafuta kidogo, akakiona, akakaa akakivaa. Alinitazama tu kwa huruma, na huruma sikuwa nimeiomba.

Atarudi na Kimya tarehe ishirini na saba. Mpokee mlangoni, usimsubirishe. Usiniandikie mpaka nikuandikie.